Riwaya za bendi za kubuni: wasomaji wanabishania nini?

Ukisikiliza redio unaisikia bendi bila kuiona. Ukisoma riwaya kuhusu bendi, mambo yanageuka: unaiona bila kuisikia. Wapiga gitaa wanagombana mbele yako, mwimbaji anachelewa kupanda jukwaani, meneja anahesabu pesa za kiingilio, lakini karatasi haitoi sauti. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 waandishi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakitunga riwaya za aina hii, na wasomaji wamekuwa wakizisoma na kuzibishania.

Katika makala hii tunaeleza riwaya hizo ni zipi, zinasimuliwaje, na wasomaji wanatofautiana wapi. Mwishoni tumeweka mwongozo mfupi kwa msikilizaji anayetaka kuanza kusoma.

Kwa ufupi:

• Bendi ya kubuni ni bendi ambayo haikuwahi kuwepo. Mwandishi ameitunga pamoja na nyimbo zake.
• Wasomaji wengi huanza kwa kubishania muziki: je, unasikika kwenye maandishi?
• Ubishi unaodumu zaidi ni kuhusu haki: wimbo uliotengenezwa na watu watano ni wa nani, na nani anabaki na jina, pesa na kumbukumbu?

Bendi ya kubuni ni ipi?

Mwandishi wa riwaya anaweza kuchukua bendi ya kweli na kuisimulia. Anaweza pia kuunda yake mwenyewe: akaipa jina, wanamuziki, mashabiki, orodha ya albamu na hata maneno ya nyimbo. Hiyo ya pili ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Nyingi ya bendi hizi hupiga muziki wa roki. Roki ilianza Marekani katika miaka ya 1950, ikichota kwenye bluzi na midundo ya Wamarekani weusi pamoja na muziki wa kantri. Vyombo vyake vikuu ni gitaa la umeme, gitaa la besi na dramu, na mbele husimama mwimbaji. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, jina la karibu zaidi katika muziki huo ni Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Queen ni bendi ya kweli, na tutairudia hapa chini kwa sababu ilipitia jambo ambalo riwaya hizi hulisimulia sana.

Kwa nini waandishi hupenda bendi kuliko mwimbaji mmoja? Bendi ni kama familia ambayo watu wake wamechaguana wenyewe. Wanapanda gari moja, wanalala chumba kimoja, wanakula kwenye mfuko mmoja na wanatumia jina moja. Mmoja akifanikiwa, wote wanainuka. Mmoja akilewa, onyesho la wote linaharibika. Ukiwaweka watu hao pamoja kwa miezi michache, hadithi inajitokeza yenyewe.

Riwaya nne zinazotajwa sana

The Commitments (1987). Mwandishi ni Roddy Doyle wa Ireland, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule jijini Dublin. Alikichapisha kitabu hiki mwenyewe kabla ya kampuni kubwa kukichukua. Kijana Jimmy Rabbitte anakusanya vijana wa mitaa ya wafanyakazi kaskazini mwa Dublin ili waunde bendi ya souli, muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi katika nyimbo za kanisani. Anaweka tangazo gazetini. Kila anayebisha hodi anaulizwa anapenda muziki wa nani, na jibu likimchukiza Jimmy, mlango unafungwa. Bendi inapata mwimbaji mwenye sauti nzito na tabia mbovu, anayeitwa Deco, na mpiga tarumbeta mtu mzima, Joey, anayedai amepiga na vigogo wa Marekani. Mwaka 1991 kitabu kilitengenezewa filamu iliyoongozwa na Alan Parker.

Daisy Jones & The Six (2019). Mwandishi ni Taylor Jenkins Reid wa Marekani. Hadithi iko Los Angeles katika miaka ya 1970. Bendi iitwayo The Six, inayoongozwa na Billy Dunne, inaunganishwa na mwimbaji wa kike, Daisy Jones. Wanatoa albamu kubwa iitwayo Aurora, kisha wanasambaratika mwaka 1979 baada ya onyesho moja mjini Chicago. Kitabu kizima kimeandikwa kama mahojiano: kila mwanabendi anatoa maelezo yake, miaka mingi baadaye, kuhusu kilichotokea.

Utopia Avenue (2020). Mwandishi ni David Mitchell wa Uingereza. Bendi inaundwa London mwaka 1967: Dean anapiga besi, Elf anapiga kinanda na kuimba, Jasper anapiga gitaa na Griff yuko kwenye dramu. Meneja wao, Levon, anatoka Kanada. Kitabu kimepangwa kama santuri. Sura zina majina ya nyimbo, na kando ya jina la wimbo limeandikwa jina la aliyeutunga.

The Final Revival of Opal & Nev (2021). Mwandishi ni Dawnie Walton, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa mhariri wa majarida. Opal ni mwanamke mweusi kutoka Detroit. Nev ni Mwingereza mweupe kutoka Birmingham. Wanafanya muziki pamoja New York mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye onyesho moja, bendi nyingine inakuja na bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kutetea utumwa. Fujo zinazuka, na mpiga dramu mweusi, Jimmy Curtis, anapigwa hadi kufa. Miaka mingi baadaye, binti yake, ambaye sasa ni mhariri wa jarida la muziki, anaamua kukusanya ushahidi wa kila aliyekuwepo.

Zipo nyingine za zamani zaidi. Mwaka 1973 Don DeLillo wa Marekani alitoa Great Jones Street, kuhusu nyota wa roki anayeiacha bendi yake katikati ya ziara na kujificha kwenye chumba jijini New York. Mwaka 1999 Salman Rushdie alitoa The Ground Beneath Her Feet, kuhusu wapenzi wawili kutoka India wanaokuwa nyota wa roki duniani.

Ubishi wa kwanza: je, muziki unasikika?

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Msomaji anaambiwa kwamba wimbo ulikuwa mtamu hata watu wakalia. Kisha anaonyeshwa maneno ya wimbo wenyewe kwenye karatasi, anayasoma, na machozi hayaji. Maneno ya wimbo bila sauti ni kama chai bila maji ya moto. Wapo wasomaji wanaosema waziwazi kwamba wao huruka kila mahali palipoandikwa beti na kibwagizo.

Waandishi wamejaribu njia tofauti za kukwepa tatizo hilo.

Doyle aliamua bendi yake ipige nyimbo za kweli ambazo watu wa Dublin walikuwa nazo tayari masikioni, na vyombo akaviandikia milio kwa herufi kubwa. Anayezijua nyimbo hizo husema kitabu kinapiga kelele mkononi. Asiyezijua huona fujo ya herufi.

Reid alitunga maneno ya nyimbo zote za albamu ya Aurora na kuyaweka mwishoni mwa kitabu. Mwaka 2023 hadithi hiyo ilitengenezewa tamthilia ya televisheni, na albamu ya Aurora ikarekodiwa kweli, ikiwa na nyimbo mpya. Hapo wasomaji waligawanyika. Wengine walifurahi kwamba hatimaye wameisikia bendi. Wengine walisema wimbo waliokuwa wameujenga kichwani ulikuwa mzuri zaidi, na sasa umefutwa.

Kwa Rushdie mambo yalikwenda upande mwingine. Bendi ya kweli ya U2 ilichukua maneno yaliyomo katika riwaya yake na kuyatengenezea wimbo wenye jina lile lile la kitabu.

Sisi tunaona jibu liko karibu na kazi ya mtangazaji wa mpira. Anayesikiliza mechi redioni haoni mpira, lakini anajua hatari imefika langoni kwa namna sauti ya mtangazaji inavyopanda na mashabiki wanavyonguruma. Mwandishi anayefaulu hufanya hivyo hivyo. Badala ya kurundika sifa za wimbo, anaonyesha ulivyowagusa watu chumbani: nani aliacha kuongea, nani aliweka glasi chini, mpiga besi alimtazama nani. Wasomaji husamehe maneno dhaifu ya wimbo wakiona chumba kimebadilika. Wakiambiwa tu kwamba wimbo ulikuwa mkali, hawasamehi.

Ubishi wa pili: watu wa kweli ndani ya hadithi

Katika Utopia Avenue, bendi ya kubuni inakutana na wanamuziki waliowahi kuishi, wakiwemo David Bowie, Syd Barrett, Janis Joplin na Leonard Cohen. Wanaingia, wanasema maneno mawili matatu, wanaondoka. Wasomaji waliokulia na muziki huo hupenda kukutana na majina wanayoyajua. Wengine huchoka. Wanasema mashujaa hao wamesimama kama sanamu, na kila mmoja anaongea kana kwamba anajua atakuwa maarufu.

Njia nyingine ni kuwaficha watu wa kweli nyuma ya majina ya kubuni. Reid mwenyewe ameeleza kwamba wazo la Daisy Jones lilimjia kutokana na bendi ya Fleetwood Mac, hasa namna Stevie Nicks na Lindsey Buckingham walivyokuwa wakitazamana jukwaani. Wawili hao walikuwa wapenzi, wakaachana, na bado wakaendelea kuimba pamoja. Albamu yao maarufu ya Rumours, iliyotoka mwaka 1977, ilirekodiwa wakati uhusiano wao unavunjika na ndoa ya wanabendi wengine wawili, John na Christine McVie, nayo inavunjika.

Anayeijua historia hiyo anaweza kusema Reid ameazima mno. Asiyeijua anakutana na hadithi mpya kabisa. Wote wawili wana haki, na hapo kuna funzo kwa msomaji wa huku kwetu. Ukisikia watu wakikisifu kitabu kwa sababu ya majina yaliyomo, jiulize kama majina hayo yana uzito kwako. Kama hayana, angalia kitabu kinabaki na nini yakiondolewa.

Ubishi wa tatu: wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo wasomaji wanapokuwa wakali, na ili kuelewa sababu inafaa kujua pesa ya wimbo inavyotembea.

Ndani ya wimbo mmoja mna kazi mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni rekodi, yaani sauti za watu walioimba na kupiga vyombo studio siku hiyo. Kila kazi ina mwenyewe na ina malipo yake. Mtunzi hulipwa mirabaha rekodi inapouzwa, na katika nchi nyingi pia wimbo unapopigwa redioni. Nchini Marekani, redio za kawaida za AM na FM hulipia utunzi peke yake. Mwimbaji na wapigaji waliomo kwenye rekodi hawapati kitu wimbo wao unapokwenda hewani, labda kama nao wameandikwa kuwa watunzi.

Sasa ifikirie bendi ya watu watano. Mmoja anakuja na maneno. Wa pili anampa melodia. Wa tatu anabuni mdundo wa besi, ambao ndio watu watakaoukumbuka. Wa nne anaongeza kasi kwenye dramu, na wimbo unaanza kuchezeka. Wa tano anauimba. Kwenye karatasi limeandikwa jina moja. Miaka 20 baadaye mwenye jina hilo ana nyumba, na aliyebuni mdundo anaomba lifti.

Queen walilijua jambo hili. Mwaka 1975 walitoa santuri ya "Bohemian Rhapsody", wimbo uliotungwa na Freddie Mercury. Upande wa pili wa santuri hiyo uliwekwa wimbo wa mpiga dramu, Roger Taylor. Watu walinunua santuri kwa ajili ya upande wa kwanza, lakini kila nakala iliyouzwa ililipa watunzi wa pande zote mbili sawasawa. Jambo hilo lilizua manung'uniko ndani ya bendi. Ilipofika albamu ya The Miracle mwaka 1989, wote wanne walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kuwa ni wa Queen.

Riwaya hizi huishi ndani ya pengo hilo, kila moja kwa namna yake.

Katika Daisy Jones, Billy amezoea kuandika kila kitu. Daisy anapoingia anadai naye aandike, na nguvu ya albamu inatokana na wawili hao kukaa chumba kimoja na kalamu mbili. Lakini msikilize Eddie, mpiga gitaa. Yeye analalamika kwamba Billy anamwelekeza hata namna ya kupiga sehemu yake mwenyewe. Wasomaji wengi humwona Eddie kuwa mtu wa kinyongo. Wengine humtetea: alikuwa mwanabendi, na aligeuzwa kibarua.

Utopia Avenue inaliweka jambo hili wazi kuanzia kwenye orodha ya sura. Jina la mtunzi liko kando ya kila wimbo, na unapoingia ndani ya sura, kwa sehemu kubwa unaona dunia kwa macho ya mtu huyo. Mwandishi anakwambia kwamba kutunga wimbo ni kupewa zamu ya kusema.

The Commitments wanapiga nyimbo za wengine, kwa hiyo hakuna mirabaha ya utunzi ya kugombania. Hata hivyo wanagombana, kwa sababu umaarufu nao hugawanywa. Deco anajiona yeye ndiye bendi na wengine wamekuja kumsindikiza. Wasichana watatu wanaoitikia wanajua vizuri kwamba macho ya ukumbi yako kwao. Wivu kuhusu Joey unamalizia kazi. Bendi inakufa wakati ule ule ambapo mtu wa kampuni ndogo ya kurekodi amekuja na pendekezo.

Katika Opal & Nev hesabu ni chungu zaidi. Nev anakwenda kuwa nyota mkubwa. Opal anabaki na heshima ya wachache na picha moja maarufu ya usiku wa fujo. Jimmy Curtis anabaki kaburini.

Wapo wasomaji wasiopenda mambo haya. Wanasema walifungua kitabu wapate muziki na mapenzi, wakakuta vikao vya mikataba. Wengine wanasema bila mikataba hawaamini kwamba bendi ilikuwepo. Sisi tuko na hao wa pili. Riwaya ya bendi ambayo haisemi nani alilipa mafuta ya gari, na nani aliandikwa jina kwenye santuri, inaacha nje jambo linalovunja bendi nyingi.

Huku kwetu nako tunajua bendi zinavyogawanyika. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Bendi inapogawanyika hivyo, shabiki hubaki na swali ambalo riwaya hizi zinalirudia: amfuate mtu, au abaki na jina?

Ubishi wa nne: nani anashika mkasi?

Riwaya mbili kati ya nne, Daisy Jones na Opal & Nev, zimeandikwa kwa mtindo wa mahojiano. Msikilizaji wa vipindi vya redio ataufahamu mara moja. Sauti ya huyu, kisha ya yule, kisha ya huyu tena. Mmoja anasema mlango ulikuwa wazi, mwingine anasema ulikuwa umefungwa.

Wanaoupenda mtindo huu wanasema ndivyo kumbukumbu ilivyo. Watu watano wakikaa meza moja, hawatoki na hadithi moja. Msomaji anageuka mzee wa baraza: anasikiliza kila upande, kisha anaamua. Wanaoukataa wanasema sauti hufanana, kiasi kwamba bila jina lililoandikwa juu huwezi kujua nani anaongea. Wanaongeza kwamba mtu akihojiwa huelezea tukio badala ya kuliishi, na hivyo msomaji hakai ukumbini usiku wa onyesho.

Swali ambalo wasomaji makini huuliza ni jingine: aliyehoji ni nani? Sisi wa redio tunaijua kazi hiyo. Mtu anaongea saa mbili, na hewani yanakwenda maneno ya dakika nne. Anayeshika mkasi ndiye anayeamua nani ataonekana mwema. Katika Opal & Nev, mhoji hafichi kwamba ana deni la damu. Aliyeuawa ni baba yake, na Opal alikuwa na uhusiano na baba huyo wakati ana mke. Kila jibu analolipokea linamhusu yeye. Kwa hiyo kitabu kina bendi mbili ndani yake: ile iliyopiga muziki, na ile ya mashahidi wanaopatana au kukataana juu ya kilichotokea. Wasomaji wanaokisifu kitabu hiki husifu hasa hapo, kwamba mpiga dramu ambaye kwa kawaida angepewa mstari mmoja amepata binti wa kumuulizia.

Na Daisy Jones ina mhoji wake pia. Hatutasema ni nani, maana kitabu kinamficha hadi karibu na mwisho. Ukimjua, rudi nyuma usome tena maneno ya Billy. Utaona alikuwa anaongea na nani.

Ubishi wa tano: lazima bendi ivunjike?

Ukisoma vitabu viwili vitatu vya aina hii utaanza kukisia mwisho. Vijana wanakutana, wanafanikiwa, wanalewa sifa na dawa za kulevya, wanaachana. Kuna wasomaji wanaolalamika kwamba njia ni ile ile na mashimo ni yale yale.

Lalamiko lina ukweli, lakini angalia mwandishi anafanya nini baada ya kuvunjika. DeLillo alianza pale ambapo wengine humalizia: nyota wake ameshaondoka, na sasa watu wanamwandama kwa sababu ya kanda zake ambazo hazijatolewa. Doyle hakumwacha Jimmy Rabbitte akilia. Mwishoni mwa The Commitments kijana huyo anapanga bendi nyingine ya muziki tofauti. Mwaka 2013 Doyle alimrudia katika riwaya ya The Guts. Jimmy ana umri wa miaka 47, ana watoto, anaumwa saratani, na bado anatafuta riziki kwenye nyimbo za zamani. Waliosoma vitabu vyote viwili wanajua kwamba bendi ile iliyodumu kwa muda mfupi ilikaa ndani yake maisha yote.

Ukitaka kuanza kusoma

Vitabu tulivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Vyote ni vya watu wazima. Vina matusi, dawa za kulevya na mambo ya ngono, kwa hiyo usimwachie mtoto simu yenye kitabu hicho bila kukipitia.

• Unataka kitabu chembamba chenye vichekesho: The Commitments. Ugumu wake ni Kiingereza cha mitaani cha Dublin. Karibu kitabu chote ni watu wakiongea.
• Unataka Kiingereza chepesi na hadithi ya mapenzi yenye mvutano: Daisy Jones & The Six.
• Unataka kuelewa ubaguzi wa rangi ulivyoingia hadi kwenye muziki: The Final Revival of Opal & Nev.
• Una muda, na unapenda historia ya miaka ya 1960: Utopia Avenue. Kina kurasa zaidi ya 500.

Daisy Jones na Opal & Nev vina pia matoleo ya sauti yaliyosomwa na waigizaji wengi, kila mhusika na sauti yake. Kwa aliyezoea mchezo wa redio, hiyo inaweza kuwa njia rahisi zaidi. Kumbuka tu kwamba faili la sauti hula bando kuliko kitabu cha maandishi.

Anayetaka kusoma kwa Kiswahili kuhusu maisha ya mwanamuziki anaweza kuanza na Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Hiyo si riwaya, kwani Siti alikuwa mwimbaji wa kweli wa taarabu wa Zanzibar, lakini maswali ya jina, kipaji na heshima yamo.

Kama mna kikundi cha kusoma au cha kusikiliza redio pamoja, haya ni maswali ya kuanzia mjadala:

1. Nani katika bendi hii alifanya kazi ambayo jina lake halikuandikwa?
2. Mwandishi angempa mtu huyo sura moja ya kusema, angesema nini?
3. Ni wimbo gani kwenye kitabu mliousikia kichwani, na mwandishi alifanya nini hata mkausikia?
4. Bendi ingeweza kuokolewa na makubaliano gani, na yangefanyika lini?

Swali la nne ni zuri hata kwa ambao hawajasoma kitabu chochote. Kama mna kwaya, kikundi cha ngoma au bendi ya harusi, liulizeni kabla ya kwenda kurekodi wimbo wa kwanza. Andikeni kwenye daftari nani ametunga maneno, nani melodia, nani amepiga nini, na mapato yatagawanywaje. Kila mmoja aweke sahihi. Ukurasa mmoja unatosha, na ni rahisi kuuandika wakati bado hakuna pesa ya kugombania.